Ukingo, pindo na mpaka: neno moja la Kiingereza nyumbani kwetu Sydney

Kiingereza kina neno dogo la herufi nne ambalo watoto wetu hulitumia kutwa bila kulifikiria: "edge". Ukingo wa meza ni "edge". Upande wa kisu unaokata ni "edge". Mwisho wa karatasi, mwisho wa mji, hata mwisho wa uvumilivu wa mama aliyetoka zamu ya usiku, vyote ni "edge". Neno hilo lina ndugu wengi pia: "border", "margin", "rim", "brim", "hem", "fringe", "kerb", "verge", "brink". Mtu aliyezaliwa nayo huchagua moja kati ya hayo bila kusita, kama sisi tunavyojua tangu utoto kwamba mpunga si mchele na mchele si wali. Sisi tuliokuja ukubwani tunajifunza moja moja, na mara nyingi tunajifunza kwa sababu kuna jambo limekwama.

Kwangu mimi maneno haya yamekuwa na uzito kwa sababu mbili. Ya kwanza ni binti yangu wa miaka 10, anayesoma darasa la tano hapa Blacktown, magharibi ya Sydney. Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kukauka taratibu kama kisima wakati wa kiangazi. Ya pili ni jirani yangu, mama wa makamo kutoka Uvira, mashariki ya Kongo. Neno moja kati ya hayo lilimfanya akae wiki 6 bila kurudi kwa daktari. Nimeona niyaandike yote mawili, maana najua wapo wazazi na wanafunzi wengi wanaopita njia hiyo hiyo.

Kisu na meza

Mwalimu wa binti yangu alimpa kazi ya nyumbani: atafute maneno 10 yanayokaribiana maana na "edge", kisha kila neno alitungie sentensi. Kiingereza alikimaliza kwa dakika 20. Nikamwambia, haya, sasa tufanye kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Akaandika "mwisho". Akafikiri. Akaandika "mpaka". Kisha akaweka kalamu chini akasema, "Mama, Kiswahili hakina."

Sikubishana naye. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni hapa kwetu, na Tanga ilikuwa saa tano asubuhi. Tukampigia simu bibi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Umekula?"

Mama yangu hajui Kiingereza, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumuuliza maana ya "edge". Nilimwambia mtoto amuulize kitu kimoja kimoja. Kisu kinakatia wapi? "Kwenye makali." Kikombe unakunywea wapi? "Mdomoni mwa kikombe." Nguo inaishia wapi? "Pindoni." Na zulia? "Zulia lina matamvua, kama samaki." Kitanda je? Hapo bibi alicheka. "Kitanda kipi? Cha dukani au cha kamba? Cha kamba kina mifumbati huku na huku ubavuni, na vitakizo kichwani na miguuni." Mtu akisimama pale kisima kinapoanzia? "Yuko ukingoni, na atoke haraka." Paa likitokeza nje ya ukuta, pale unapojikinga na mvua? "Upenuni." Na bahari? "Bahari ina ufuko, ina pwani, na nchi yote iliyo karibu nayo ni mwambao."

Mtoto alihesabu: makali, mdomo, pindo, matamvua, mfumbati, kitakizo, ukingo, upenu, ufuko, pwani, mwambao. Maneno 11. Akauliza, "Bibi, kwa nini maneno ni mengi hivyo?"

"Kwa sababu vitu ni vingi," bibi akajibu, kisha akaomba simu arudishiwe mimi, ana habari za harusi.

Baada ya simu ile nilikaa nikafikiri. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa "edge" lilihusu hasa makali ya upanga. Baadaye likatanuka likafunika na ukingo wa meza, wa mto na wa mji. Ndiyo maana leo kisu na meza vinatumia neno moja. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kwetu kisu kina makali, na neno hilo linatokana na "kali": mbwa mkali, jua kali, pilipili kali, mwalimu mkali. Upande wa kisu unaokata umepewa jina kwa kazi unayofanya, wala haijalishi kwamba uko mwishoni. Meza haina makali hata ukijigonga nayo ukalia.

Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinakutana. Mwingereza akila biskuti kabla ya chakula anasema ameondoa "edge" ya njaa. Na sisi tunasema makali ya njaa, makali ya maisha, makali ya bei. Dawa wanazotumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwetu zimezoeleka kuitwa dawa za kupunguza makali. Hakuna kamati iliyokaa kutafsiri. Watu waliona ugonjwa unakata kama kisu, na dawa inaufanya uwe butu.

Wanafunzi mnaokuja kusoma vyuo vikuu hapa, hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Mhadhiri akisema utafiti fulani uko "cutting edge", hasemi unakata kitu. Anasema ni wa kisasa kabisa, umetangulia mbele ya wengine. Mwenzako akiwa na "the edge" juu yako, amekuzidi kidogo. Mtu akiwa "on edge", hayuko ukingoni mwa kitu chochote. Roho yake iko juu, hana utulivu. Ukitafuta neno la Kiswahili la kuweka mahali pa "edge" katika sentensi hizo, utahangaika bure. Jiulize kwanza kitu hicho kinafanya nini, kisha useme hivyo.

Pindo na mji

Nikiwa msichana, nilidhani kanga ni kitambaa tu. Mama ndiye aliyenifundisha kuisoma. Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ni yale maandishi. Mji ni sehemu ya katikati yenye maua, korosho au picha yoyote. Pindo ni ule mzunguko unaoizunguka pande zote nne. Kanga hununuliwa doti nzima, vipande viwili vilivyoshikana; unavikata, kisha unakaa chini kupinda zile kingo zilizokatwa zisifumuke. Kule Mombasa wenzetu wanaiita leso, lakini kazi ni ile ile.

Ninapenda kwamba waliotoa majina hayo waliita katikati ya nguo "mji". Maana yake pindo ni kama ngome au shamba linalouzunguka. Na pindo halikuwa mahali pa kudharauliwa. Wanawake wa rika la mama yangu waliweka fedha pindoni, wakapiga fundo, na fedha ile haikupotea sokoni wala kwenye basi. Kilicho cha thamani kiliwekwa ukingoni, pale mkono unapofika upesi.

Kiingereza nacho kina "hem" kwa pindo la sketi, "border" kwa urembo unaozunguka kitambaa, na "fringe" kwa nyuzi zinazoning'inia. Nyuzi hizo sisi tunaziita matamvua, neno hilo hilo tunalolitumia kwa sehemu ya samaki ya kuvutia hewa majini, kwa kuwa zinafanana. Lakini "fringe" ni pia nywele zinazokatwa zikafunika paji la uso, na ni pia watu au mitaa iliyo mbali na katikati. Mitaa mipya inayojengwa mbali magharibi na kusini-magharibi ya Sydney huitwa "fringe" ya mji. Kwa Kiswahili cha leo tungesema pembezoni. Ukilisikia neno hilo kwenye habari, ujue linazungumzia watu wanaosafiri mwendo mrefu kwa treni kwenda kazini, na wengi wetu tumo humo.

Ukurasa wa daftari nao una "margin", yaani pambizo. Mwalimu huandika humo kwa kalamu nyekundu. Katika biashara "margin" ni faida inayobaki baada ya gharama. Neno moja, mambo mawili, na muuza duka wa Auburn akikwambia "margin" yake ni ndogo, hazungumzii daftari.

Kingo za Sydney

Mgeni anayefika Sydney hujifunza kingo za mji huu kwa miguu. Kituoni kuna mstari wa njano sakafuni karibu na ukingo wa jukwaa la treni, na tangazo linakwambia usimame nyuma yake. Mbele ya nyumba kuna "kerb", ule ukingo wa saruji unaotenganisha barabara na njia ya miguu. Mapipa ya taka hutolewa hapo jioni kabla ya siku ya kuzolewa. Kati ya "kerb" na njia ya miguu kuna kipande cha nyasi ambacho watu wa Sydney hukiita "nature strip", na wale wa Perth hukiita "verge". Ardhi hiyo ni ya halmashauri, lakini mwenye nyumba ndiye anayetarajiwa kukata nyasi zake. Wageni wengi hushangaa: si yako, lakini kazi ni yako.

Neno "kerb" lina kazi hata katika leseni. Mtihani wa udereva wa New South Wales unaweza kukutaka usimamishe gari vizuri kandokando yake. Na barabarani utakuta kibao kinachosema "rear to kerb": egesha gari kwa mshazari, nyuma ya gari ielekee ukingo wa barabara. Anayeegesha kwa kutanguliza pua anaweza kupigwa faini hata kama amelipia maegesho. Wanafunzi, Wamarekani huandika neno hilo "curb", kwa hiyo msidhani ni maneno mawili.

Halafu kuna bahari. Sisi wa mwambao tunaona maji ya Pasifiki na moyo unachangamka, lakini ukingo wa hapa si ule wa Tanga. Kwetu maji yanakupwa taratibu, mchanga ni wa kulala, na matumbawe huvunja mawimbi mbali. Hapa, kati ya ufuko na ufuko kuna majabali yanayokatika ghafla, na wimbi linaweza kupanda juu ya mwamba uliokuwa mkavu tangu asubuhi. Wavuvi wa mwambani hufa kila mwaka katika jimbo hili, wengi wao wakiwa wahamiaji. Ndiyo maana ilipitishwa sheria mwaka 2016 inayowalazimisha kuvaa jaketi la kuokolea katika maeneo yaliyotangazwa. Kibao kikiandika "unstable cliff edge", maana yake jabali hilo linaweza kumong'onyoka chini ya miguu yako. Na ufukweni, ogeleeni kati ya bendera za rangi nyekundu na njano. Mtoto wa pwani anayejua kuogelea ndiye anayehitaji kuambiwa mara mbili, maana anajiamini.

Mpaka ulioingia kwenye damu

Sasa nije kwa jirani yangu. Tulizoeana kwa sababu ya Kiswahili, ingawa chake ni cha Kongo na changu ni cha Tanga, na kila mmoja hudhani mwenzake anaongea kwa namna ya kuchekesha. Yeye alivuka Ziwa Tanganyika akiwa na watoto, akafika Kigoma, kisha akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Hapa Sydney alikuja kwa visa ya kibinadamu. Karatasi zake zote anaziweka katika mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba, ndani ya kabati.

Mwaka uliopita aliacha kwenda kliniki. Tulikuwa tukipanda basi pamoja kila baada ya majuma machache, yeye kwa presha, mimi kazini. Ghafla hakuonekana kituoni. Nikagonga mlango.

"Dada," akaniambia, "kule kwa munganga waliniambia mambo ya border. Juu ya nini? Makaratasi yangu yote iko sawa."

Nilimwomba nione karatasi aliyopewa. Ilikuwa ya kipimo cha sukari, alichopimwa asubuhi kabla ya kula. Kilisoma 6.6. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa mkono: "borderline". Neno hilo hutumika kwa kitu kilichokaribia mstari bila kuuvuka. Kwa vipimo vinavyotumika hapa, sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 ndipo watu huanza kuzungumza juu ya ugonjwa wa kisukari wenyewe. Yeye alikuwa amekaribia. Lakini katika yote aliyoambiwa siku ile, sikio lake lilishika "border" peke yake. Kwa mtu aliyevuka ziwa usiku, neno hilo lina askari, lina foleni, lina mtu anayeangalia picha yako kisha anakuangalia wewe. Na hapa Australia, taarifa za habari zikisema "border" mara nyingi huzungumzia watu wasio na karatasi na wanaorudishwa. Aliona ni salama zaidi kutojitokeza.

Wiki 6 si mchezo kwa mtu ambaye presha iko juu na sukari inapanda.

Nilichomshauri ndicho ninachomshauri kila msomaji mwenye mzazi asiyejua Kiingereza vizuri. Ipo huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu inayoitwa TIS National, namba 131 450, na Kiswahili kimo. Mwanzo wake ni mwaka 1973, ilipoanza kama huduma ya dharura ya wakalimani kwa simu. Daktari wa kliniki binafsi anaweza kuitumia bila mgonjwa mwenye kadi ya Medicare kulipa, na hospitali za umma zina wakalimani wao. Unaposhika miadi, sema tu: "Swahili interpreter, please." Usimtume mtoto wa darasa la tano akawe mkalimani wa bibi yake. Mtoto anajua maneno, lakini hajui ni yapi yanayoumiza.

Tulirudi kliniki pamoja. Mkalimani alikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima kwenye spika ya simu. Hakuligusa neno mpaka hata kidogo. Alisema: "Mama, sukari yako imepanda. Imekaribia kiwango cha ugonjwa, lakini haijafika. Imefika mlangoni, haijaingia ndani."

Jirani yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo angeuliza wiki 6 nyuma kama angeelewa: "Nifanye nini ili isiingie?"

Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya chai bila sukari, ugali wa kiasi, mboga nyingi na kutembea nusu saa kila siku.

Neno mpaka lenyewe

Nilipofika nyumbani niliendelea kulifikiria neno letu "mpaka". Linabeba mambo mawili ambayo Kiingereza hukitenga kila kimoja na neno lake. Mpaka ni mstari kati ya nchi na nchi, au kati ya shamba lako na la jirani. Lakini pia tunasema nilitembea mpaka sokoni, nilisubiri mpaka jioni, nitakupenda mpaka kufa. Mpaka wa namna hii ni mwendo. Unaonyesha umefika umbali gani.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulianza kama mstari wa Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1886: kutoka mdomo wa mto Umba pwani, kupita Ziwa Jipe, kuzunguka Kilimanjaro, mpaka Ziwa Victoria. Walioishi chini ya mstari ule hawakuulizwa. Shangazi yangu aliolewa Vanga, upande wa Kenya, na Wadigo wapo pande zote mbili. Nilipokuwa mdogo, kwenda kumwona shangazi kulimaanisha kupita Horohoro, kugongewa muhuri, kisha Lunga Lunga, halafu kula wali wa nazi ule ule kama wa nyumbani.

Makubaliano hayo hayo ya 1886 yalimtambulia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Upande wa Kenya, ukanda huo ulihesabiwa kuwa wa Sultani mpaka uhuru wa Desemba 1963. Fikiria: pwani yenye miji, misikiti, mashamba na makaburi, ikapimwa kama mtu anayepima pindo la kanga. Na jina letu wenyewe limetoka huko ukingoni. "Sahil" kwa Kiarabu ni pwani, na wingi wake ni "sawahil". Ibn Battuta, aliyepita kwetu mwaka 1331, aliitaja nchi ya sawahil. Neno hilo hilo limetoa jina la Sahel, ile nchi iliyo kandokando ya jangwa la Sahara, kana kwamba mchanga ni bahari nyingine. Kwa hiyo Mswahili, kwa asili ya jina, ni mtu wa kandokando ya maji.

Wanafunzi wa historia watapenda na hili. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu kuukuu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hii. Zilikuwa 9, na 5 kati ya hizo zilitengenezwa Kilwa. Watafiti wanaendelea kubishana zilifikaje huko. Binti yangu alipozisoma habari hizo alisema, "Kumbe tulitangulia." Sikumkatalia, ingawa sarafu husafiri katika mifuko ya watu wengi.

Karibu, lakini bado

Jambo la mwisho nililojifunza ni hili: Kiingereza hupenda kuweka matukio ukingoni kwa nomino. Mtu yuko "on the verge" ya kulia, kampuni iko "on the brink" ya kufilisika. Kiswahili kinaweza kusema ukingoni, na magazeti husema hivyo, lakini nyumbani tunatumia vitenzi. Mti unataka kuanguka. Nusura nigongwe na gari. Machozi yanamlengalenga. Katika "yanalengalenga" hamna ukingo wowote unaotajwa, lakini unayaona machozi yamejaa kwenye mboni, hayajadondoka. Mkalimani yule wa simu alijua hivyo, ndiyo maana aliiacha "border" ya Kiingereza ilale akatafuta mlango.

Wazazi wenzangu, msikubali mtoto akisema Kiswahili hakina neno. Mara nyingi ameuliza swali la Kiingereza akitegemea jibu la Kiswahili. Mpeni kitu mkononi: kisu, sufuria, kanga, mkate. Muulizeni sehemu ile inaitwaje, na kama ninyi wenyewe hamjui, pigeni simu nyumbani kabla wenye maneno hawajaondoka. Andikeni kwenye daftari. Sisi tuna daftari sasa, na pambizo zake zimejaa maneno ambayo bibi hukumbuka katikati ya mazungumzo mengine, kama "taraza", ule urembo wa hariri uliofumwa kwenye ukingo wa kilemba.

Jirani yangu alipimwa tena miezi 4 baadaye. Sukari ilikuwa imeshuka. Kila asubuhi nikienda kituoni namkuta ameshamaliza matembezi, ameketi upenuni kwake na chai ya tangawizi isiyo na sukari, na hunipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Dada, mimi niko huku bado, sijavuka!"

Na mwezi jana mgeni aliyetoka Tanga alituletea doti ya kanga kutoka kwa bibi. Haikupindwa. Bibi alikataa makusudi kuipeleka kwa fundi. Alisema kazi hiyo ni ya mjukuu. Binti yangu ameshamaliza upande mmoja kwa sindano ya mkono. Pindo limekwenda upande kidogo, lakini halifumuki.